Folda Yenye Nukta Mbele

Haya nimeyapata kwa Immaculée, tunayeimba naye kwaya ya akina mama. Yeye husuka nywele kwenye kiti cha pili katika saluni ile ile ya Umbilo Road anakosukia Ghislaine. Alinisimulia mwaka jana, mwezi wa nane, tumekaa jikoni kwangu tunachambua sombe, majani ya muhogo. Mengine aliyaona kwa macho yake, mengine aliambiwa na Ghislaine mwenyewe, maana wawili hao hawafichani. Nami nayaandika polepole, kwa kuwa mkono wangu haukukaa shule sana.

Ghislaine ni mtu wa Bukavu. Alitoka kwao kijana, akamfuata Bertrand mpaka huku Durban bila mahari kutolewa wala wazee kukaa kikao. Baba yake, Papa Ladislaus, akakasirika hasira ile ya mtu mpole, isiyo na kelele lakini haipoi. Akasema simu ya Ghislaine asiletewe.

Sasa, katika ukoo wao kuna utaratibu. Mtoto aliyemkosea mzazi hampigii mzazi simu mwenyewe. Kufanya hivyo ni kosa la pili juu ya la kwanza. Anapitia kwa mkubwa wa watoto. Mkubwa ndiye anayebeba maneno ya kuomba radhi, na pamoja na maneno anabeba nguo. Mzazi akiivaa nguo ile, amesamehe. Asipoivaa, mtoto anangoja tena.

Mkubwa wao ni Léonidas, anayekaa hapa hapa Durban, kule Westville, nyumba yenye geti. Ni shemasi, ndiye anayepiga picha za ibada na kuzipanga kwenye kompyuta yake ya Mac. Ghislaine anamwita yaya, kama tunavyowaita wakubwa wetu, naye humwita kadogo, yaani mdogo wake. Basi mwaka ule baba alipoanza kuugua, Ghislaine alifuma sweta. Aliifuma pale pale saluni, kati ya kichwa na kichwa, sufu ya bluu iliyokolea, na vifungo vya mbao. Kifungo kimoja kilimpotea, akatia cheusi mahali pake. Akampelekea Léonidas, na maneno yake ya kuomba radhi, akalia mbele yake.

Baada ya muda Léonidas akamletea jibu. "Papa amekataa. Sweta amempa zamu, yule mlinzi wa usiku."

Kisha baba akafa. Léonidas akampa flash, akamwambia, "Humu nimekutilia yote yaliyotoka nyumbani." Ghislaine akaichomeka kwenye TV. Akaona mazishi. Akaona pia baba akiwa kitandani, blanketi imefika kidevuni, anawaaga watoto wake kwa majina, mmoja mmoja, anawatilia baraka. Jina lake hakulisikia. Aliirudia mara nyingi, akidhani labda alipitiwa. Hakupitiwa.

Na watu wa Bukavu nao walimgeuzia kisogo. Glody, mtoto wa shangazi yao, ndiye aliyekuwa akimuuguza mzee. Ghislaine alipompigia kumpa pole, Glody alimjibu, "Sasa ndiyo umekumbuka simu?" akakata. Naye akaona sawa, mtoto aliyekataliwa na baba atapokewa na nani? Immaculée anasema tangu wakati ule Ghislaine aliacha kuimba. Alikuja kwaya, alisimama na wenzake, alifungua mdomo, sauti haikutoka.

Miaka miwili ikapita. Ikafika zamu ya kuondoa matanga, na kila mtu wa ukoo, popote alipo, ilibidi achapishe tisheti yenye sura ya marehemu. Ghislaine hakuwa na picha yake nzuri. Akakumbuka ile flash, akaitia kwenye mfuko wa aproni, Jumamosi akaenda nayo saluni, maana Jumamosi ile alikuwa anakuja mwalimu Mildred.

Mildred ni Mkenya, anafundisha chuo kikuu. Akija kusukwa anakuja na laptop, anaiweka mapajani, anasahihisha kazi za wanafunzi huku kichwa kiko mikononi mwa mwenzake.

"Mama Grâce," alimwambia Ghislaine asubuhi ile, akimwita kwa jina la mwanawe, "ukinivuta hivyo nitatoka hapa nyusi ziko utosini."

"Ulitaka zidumu, mwalimu. Nikaze ao nilegeze?"

"Kaza. Ila uniachie ubongo, Jumatatu nautumia."

"Ubongo ya Wakenya iko kwa mdomo," Immaculée akadakia kutoka kiti cha pili. "Hiyo nywele haiwezi kuifikia."

Wakacheka wote, hata mteja wa Immaculée, Mzulu asiyejua neno la Kiswahili, akacheka kwa kuona wenzake wanacheka. Ndipo Ghislaine akatoa flash. Akamwomba mwalimu amtafutie sura moja ya baba yake kwenye video, aisimamishe, aitoe iwe picha.

Mildred akaichomeka. "Hii imetoka kwa Mac, sivyo?"

"Ya yaya wangu. Umejuaje?"

"Imejaa takataka. Ona hivi vitu vyenye nukta mbele ya jina. Mac huvitema kila inapopita."

"Kwa TV yangu havikuwa."

"Vilikuwa. TV haikukuonyesha. Na Mac yenyewe haionyeshi. Jina likianza na nukta, kwao ni kama kitu hakipo. Linux ya pale ofisini kwangu ni vile vile, mpaka ushike Control na H. Hata hii yangu, hii ni Windows, ingevinyamazia, lakini mimi niliiambia inionyeshe kila kitu. Unaingia palipoandikwa View, unatia alama kwa hidden items, basi. Wanafunzi wangu wananiletea flash za virusi, virusi vimeficha kazi yao, wanalia, 'Prof, imefutika!' Wacha! Haijafutika, imefichwa tu. Ikitokea hapa inatokea imefifia, kama nguo iliyofuliwa sana."

Ghislaine alikuwa anamsikiliza nusu nusu, anagawa nywele kwa kitana. Mildred akakikodolea macho kitu kimoja. Kisha akasema, "Lakini hii si takataka. Hii ni folda. Nukta, halafu G. Mac haijitengenezei folda ya G, Mama Grâce. Hii imeandikwa na mtu. Nifungue?"

"Fungua."

Ndani mlikuwa na video moja. Ghislaine akaitazama akiwa amesimama nyuma, juu ya kichwa cha mwalimu, vidole vimeshika suko ambalo halijafika nusu.

Baba yake alikuwa ameketi kitandani, mito miwili mgongoni. "Glody, umeanza?" aliuliza. Halafu akaangalia mbele. "Ghislaine. Ni mie, Papa yako. Natuma hii kwa Léonidas, yeye ndiye mkubwa, atakufikishia. Ona vile yaya yako ananitunza." Akavuta kifua cha nguo aliyovaa, sufu ya bluu iliyokolea, vifungo vya mbao, na kimoja cheusi. "Ametuma tiriko hii. Bukavu iko baridi sana, siivui, hata kulala nalala nayo. Na wewe? Hata salamu moja? Nilingoja uombe radhi. Haukuomba. Basi, nimechoka kungoja, nimesamehe bila kuombwa. Maneno ya Bertrand nimeyaacha. Uko mtoto wangu. Sasa usipitie tena kwa mtu, nipigie mwenyewe. Simu nailaza hapa, chini ya mto." Akageuka pembeni. "Glody, imeingia? Atanisikia?"

Sauti ya Glody ikajibu, "Atakusikia, Papa."

Ikaisha. Mashine ya kukaushia nywele ilikuwa inavuma, Immaculée akaizima.

"Ilirekodiwa lini?" Ghislaine aliuliza.

Mildred akatazama. "Machi."

"Alikufa mwezi wa tano, unamalizika."

Mildred akataka kufunga laptop. "Acha tu nywele, mpenzi. Nitajifunga kitambaa, nitarudi siku nyingine."

"Hapana. Kaa, mwalimu."

Akazisuka mpaka mwisho. Immaculée anasema hajawahi kuona kazi nyororo kama ile, mistari imenyooka, hakuna suko lililozidi lingine, na hilo ndilo lililomtia hofu. Alipomaliza aliomba mambo mawili tu. Video iwekwe kwenye simu yake, na aambiwe namna ya kufunua yaliyofichwa kwenye Mac.

"Unabonyeza tatu kwa pamoja," Mildred akamwambia. "Command, Shift, na nukta. Rudia nikusikie."

"Command, Shift, na nukta."

Kesho yake, baada ya ibada, Ghislaine akaenda Westville. Inès, mke wa Léonidas, alimpokea kwa shangwe, akampeleka mezani, maana Jumapili pale huliwa chakula kingi. Ghislaine hakukaa.

"Yaya, nataka picha ya Papa ya tisheti. Nifungulie ordinateur."

"Ningekutumia, kadogo. Ya nini kujisumbua?"

"Nataka kuchagua mwenyewe."

Léonidas akafungua Mac yake, akaingia kwenye folda ya baba. Picha za mazishi, zile za kuaga, basi. Ghislaine akaupitisha mkono mbele ya kaka yake, akabonyeza moja, mbili, tatu kwa pamoja, kama anayepiga kinanda. Pale pale pakatokea folda iliyofifia, ile iliyofuatana na nyingine kwenye flash bila mwenyewe kuiona. Nukta, halafu G.

Léonidas aliitazama kama mtu aliyeona mende juu ya kitambaa cha meza akiwa na wageni.

"Nani alikuonyesha?"

"Hilo ndilo unaloniuliza?"

Akaifungua. Video ile ilikuwepo, lakini haikuwa peke yake. Chini yake zilifuata sauti, vipande vifupi vya WhatsApp alivyovihamishia humo baada ya kutoa ile flash. Ghislaine akabonyeza kimoja. "Léonidas, umemfikishia?" ilisema sauti ya baba. Akabonyeza kingine. "Léonidas, kadogo yako amesema nini? Niambie tu, hata kama ni matusi." Cha tatu kilikuwa kikohozi kirefu, na mwisho wake, "Basi, labda simu yake haina umeme."

"Ulimjibu nini?" Ghislaine akauliza.

Léonidas akaivuta kompyuta upande wake.

"Yaya. Papa alikuuliza nimesema nini. Ulimjibu nini?"

"Nilimwambia uko na kazi mingi."

Inès akaingia na bakuli la wali. "Wifi, tule kwanza, chakula kinapoa."

"Na wewe ulijua?"

Inès akaliweka bakuli, akapangusa mahali ambapo hapakuwa na uchafu. "Mimi nilijua ya sweta tu," akasema. "Hiyo ya video sikuijua, kweli ya Mungu."

Hapo ndipo Léonidas alipopata ulimi. Akasema hakukusudia. Sweta ilipofika Bukavu, Glody alimpa mzee akimwambia imetoka kwa Léonidas, kwa kuwa kifurushi kiliandikwa jina lake. Mzee akaivaa papo hapo, akapiga simu, akamwombea baraka kwa sauti ya furaha ambayo yeye hakuwahi kuisikia tangu azaliwe. "Ningemkatiza vipi? Alikuwa anacheka, Ghislaine! Mimi nimemtumia mzee vitu miaka yote, hajawahi kucheka. Nikasema nitamweleza kesho. Kesho ikapita."

"Na mie ukaniambia amempa zamu."

"Ningekuambia nini? Ukijua ameivaa, ungempigia."

"Ndiyo. Ningempigia."

"Lakini sikufuta!" Léonidas akasema, na hapo akawa kama mtu anayedai shukrani. "Mwingine angefuta. Mimi si mtu wa kufuta sauti ya mzazi, nijitafutie laana. Niliitunza."

"Uliogopa laana ya kufuta. Ya kuficha haukuiogopa?"

Léonidas akajifuta uso. Akaanza kusema pardon, pardon kadogo, tupige magoti tuombe. Ghislaine akamzuia kwa kiganja.

"Sitaki magoti yako. Papa amekufa anajua sikumjali, hata kuniaga hakuniaga. Hilo siwezi kuligeuza. Lakini Glody yuko hai, na baba mdogo yuko hai, na wote wananiona mtoto wa jiwe. Mpigie Glody sasa hivi. Weka sauti nje nisikie. Mwambie sweta ni ya nani, na mwambie ulichofanya na hii video. Kitu kimoja tu nakuomba, yaya, nacho ni hicho."

Akapiga. Glody alipokea kwa makelele. Bukavu watu walikuwa wamekusanyika kwa baba mdogo kupanga ile siku ya matanga, na mtoto alikuwa analia karibu na simu.

"Glody," Léonidas akasema, akakohoa. "Iko kitu kimoja hapa, kitu ya technique. Unakumbuka video ya mzee, ile ya Ghislaine? Basi, haikumfikia. Iliingia kwa ordinateur yangu, ikajificha. Hizi Mac ziko vile, zinaficha vitu zenyewe. Leo ndiyo tumeipata. Kwa hiyo, kadogo hakuwa na kosa."

"Ilijificha?" Glody akapaza sauti. "Mon Dieu! Na sisi tulimtukana dada ya watu! Baba mdogo, sikia, kumbe ilikuwa mashine!" Kwa nyuma zikasikika sauti za watu, oh, mashine, mashine hizi, Mungu asifiwe.

Ghislaine akamtazama kaka yake. Léonidas alikuwa anatazama zulia.

"Glody, ni mie Ghislaine," akasema. "Hapana. Mashine haikuficha kitu. Folda ile aliitengeneza yaya kwa mkono wake, akaitia nukta ili isionekane. Na tiriko niliifuma mimi. Angalieni kwenye video kifungo cheusi, nilikitia mimi cha mbao kiliponipotea. Nilimpa aniombee radhi kwa Papa, akaifanya yake."

Makelele ya Bukavu yakakatika. Hata yule mtoto alinyamazishwa. Ikasikika simu ikipokezwa mkono kwa mkono, kisha ikaja sauti ya baba mdogo, nzito, isiyo na haraka.

"Binti yangu, tumekusikia. Uko na machungu, na machungu ni haki yako. Lakini mkubwa wenu amesema ni mashine. Tunaondoa matanga mwezi kesho, na mkubwa ndiye anayesimama mbele ya watu. Hatuwezi kumsimamisha mwizi. Basi iache iwe mashine. Sisi tumekusamehe."

"Mmenisamehe nini, baba mdogo?"

"Yote," mzee akajibu kwa upole, akaaga.

Léonidas akaiweka simu mezani taratibu. Alitaka kumrudisha kwa gari. Ghislaine alikwisha kutoka. Akashuka ile barabara ya miti, isiyo na watembea kwa miguu kwa kuwa kila mtu kule ana gari, na mbwa wakambwekea kutoka geti moja hadi lingine mpaka akafika kwenye robot, zile taa za barabarani, zinaposimama taxi.

Nyumbani Umbilo alimkuta Bertrand ametoka zamu kule Clairwood, anakolinda makontena, ameshamlisha Grâce na kumlaza, kwa sababu mtoto alikuwa na mafua. Kulikuwa bado mapema, ila ni siku za baridi na giza lilikuwa limeingia.

"Alisema?" Bertrand akauliza.

"Alisema."

"Kweli?"

"Alisema ni mashine."

Bertrand akacheka, kicheko kisicho na raha. "Masikini mashine. Haina hata mjomba wa kuitetea." Alipoona mkewe hacheki akamwekea chai, akajinyoosha kitandani na suruali ya kazi. Mtu aliyesimama kutwa nzima hachelewi. Muda si mrefu alikuwa anakoroma.

Simu ya Ghislaine ikaanza kulia ting, ting. Kwenye kundi la ukoo Léonidas alikuwa ameitoa video yote, na juu yake ameandika kwamba baada ya tatizo la kiufundi, kwa neema ya Mungu, sauti ya mzee imepatikana. Watu wakamiminika. Amina. Shetani wa mitambo ameshindwa. Ubarikiwe sana, yaya Léonidas, kwa kuitunza. Ona alivyopendeza na ile tiriko uliyomtumia.

Ghislaine akazisoma zote, ile ya mwisho akaisoma tena. Akabonyeza mahali pa kurekodi sauti, akaleta simu mdomoni. Alisikika akivuta pumzi, basi. Akaifuta. Akaanza upya, akasema, "Tiriko ile," na neno likamfia hapo, kama sauti ilivyokuwa inamfia kwenye kwaya. Akafuta na hilo. Amina zikaendelea kuingia, kutoka Bukavu, kutoka Uvira, nyingine kutoka kwa watu asiowajua sura.

Akazima simu, akaiacha mezani karibu na chai iliyopoa. Akajilaza juu ya blanketi ukingoni, na gauni lake la kanisani, na hereni masikioni, kwa sababu alisema moyoni atapumzika kidogo hasira impe maneno, kisha ainuke awajibu wote. Akangoja. Hasira ilikuwepo, maneno hayakuja. Grâce akakohoa katika usingizi, akageuka, akatulia. Ghislaine akasikiliza kama mtoto atakohoa tena, na akiwa bado anasikiliza, usingizi ukamchukua.